Jivu kwenye Minazi ya Mkwe

Jumatatu, 5 Machi 1956
Nimehesabu tena. Minazi sitini ya mkwe wangu, Bi Mwanasiti, kule Tongoni. Yote michanga, inanifika kifuani, kwa hiyo hakuna kupanda, na tumbo langu linashukuru. Thelathini inatiwa jivu na chumvi kwenye kilele kila wiki. Ni dawa ya Mama mwenyewe ya kumzuia chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi. Thelathini haitiwi kitu. Tulichagua kwa kura, vikaratasi ndani ya kofia yangu. Mama anatia dawa, mimi nahesabu iliyotobolewa. Miezi mitatu sasa.

Yenye jivu: mitano. Isiyo na jivu: sita.

Mvua njia nzima mpaka nyumbani Makorora. Baiskeli imenibeba nusu, nusu nimeibeba mimi.

Jumanne, 6 Machi
Bwana Elinami wa ofisi yetu ya kilimo, Mchaga, Mlutheri, umri wa mdogo wangu wa mwisho, amezungusha mashine ya hesabu mpaka mkono ukamuuma. Ananifundisha kipimo chake. Una makundi mawili, unauliza: je, tofauti hii ingeweza kuletwa na bahati tu? Jibu likizidi tatu nukta nane nne, bahati peke yake haitoshi. Letu halikufika hata moja.

"Mzee, jivu la mkweo lirudi jikoni."

Nilicheka. Moyoni sikucheka. Mimi ndiye niliyeiomba ofisi ilijaribu. Likishindwa, watu wataambiwa waliache, watumie dawa ya duka, na Mama hana fedha za dawa ya duka. Nani atamwambia? Mimi hata kumwambia chai yake ina sukari nyingi naogopa.

Alhamisi, 8 Machi
Kitu kinanisumbua. Shamba la jirani, ng'ambo ya njia, halijui jivu wala kura. Huko katika kila minazi miwili mmoja umetobolewa. Sasa chonga anafika kwa Mama, anaiona minazi isiyo na kinga, anaiacha? Ana adabu za ukwe kama mimi?

Ijumaa, 9 Machi
Baada ya swala nimekwenda Tongoni. Nimeingiza kidole kwenye kilele cha mnazi namba kumi na saba, usio na dawa. Jivu. Nikalilamba kama mpumbavu. Chumvi. Wa kumi na nane vilevile. Yote vilevile. Miezi mitatu nimetafuta matundu, jivu sikulitazama. Karani hodari mimi.

Mama alikuwa nyuma ya ua wa makuti. Nikampa shikamoo, nikauliza habari za mvua, nikaondoka. Mwanamume mzima wa miaka arobaini na minane.

Jumamosi, 10 Machi
Mimi na mkwe hatutazamani usoni, sembuse kuhojiana. Nimemtuma mke wangu, Zuhura. Amerudi akicheka mpaka akakaa chini.

Mama kasema: "Mwambie mumeo, watoto wa nyumba moja nitawapaje uji hawa, wale wakae wakitazama? Kofia yake ndiyo iliyowazaa?"

Kumbe kila wiki alikuwa akitia jivu kwa walioshinda kura, kisha anamalizia na yatima.

Jumatatu, 12 Machi
Nimemwambia Elinami yote. Aibu tupu. Akasema mama yake kule Machame angefanya hivyohivyo. Tunaanza upya, kura ileile, tunahesabu matundu mapya tu. Ofisi imetupa mpaka mwezi wa sita, basi. Safari hii natia mimi.

Mama amekubali, kwa kinywa cha Zuhura, kwa sharti moja: hesabu ikiisha, yatima wapate jivu kwa mkono wake.

Jumatano, 25 Aprili
Saumu na mvua. Yatima wanaliwa. Siku ninazokuja kutia jivu Mama hatoki. Zuhura anasema amehamishia mkeka upande wa pili wa nyumba asilione shamba. Najiona mkatili. Natia huku, kule napita mikono mitupu. Leo nilishachota konzi moja kwa ajili ya namba kumi na saba. Nikairudisha ndooni.

Jumanne, 12 Juni
Nimehesabu mara tatu. Yenye jivu: minne. Isiyo na jivu: kumi na saba.

Alhamisi, 14 Juni
Elinami ameniachia mashine nizungushe mwenyewe. Nimekosea mara mbili, yeye anatazama dari. Mara ya tatu: kumi na mbili na ushei. Ofisi itawaambia watu watie jivu.

"Mzee, kamwambie mkweo hii si bahati."

Nitamwambia Zuhura amwambie.

Jumamosi, 16 Juni
Tongoni. Mama ametoka uani na ndoo ya jivu. Ametangulia, mimi nyuma na chumvi, macho chini. Penye tundu anaweka kwanza kiganja, kisha ndio anatia. Namba kumi na saba umetobolewa mara mbili, lakini una kuti jipya.

Tumemaliza kabla ya alasiri. Leo sikuhesabu.