Shanga za Mwana Hiti

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Maonyesho yameisha jana. Siku ishirini na moja, Kawe, kwenye lile duka la fenicha lililofungwa. Watu walikuja, tena wengi. Maonyesho yangu ya kwanza, miaka tisa iliyopita, niliyafanyia kwenye gereji Mwananyamala. Walikuja wanne, na mmoja alikuwa amefuata gari lake.

Shangazi Tabu akiulizwa kazi yangu bado anasema "mpanga vinyago". Sibishi. Ukimwambia mtu wa mtaani kwetu kwamba mwandaaji maonyesho kama mie ni kyureta, anadhani umetaja dawa.

Mchana nimemrudisha mwana hiti kwa Shangazi. Nimefurahi mzigo umenitoka kichwani. Kipande cha mti, urefu wa kiganja na nusu, kichwa chenye vishungi viwili, hana mikono, hana miguu, shanga za buluu kiunoni. Lakini ni mtoto wa ukoo. Kila msichana wa kwetu akivunja ungo anakabidhiwa. Anamwogesha, anampaka mafuta ya nazi, analala naye mpaka siku ya kutolewa nje. Bibi alimlea. Shangazi alimlea. Mie nilimlea, na baadaye mdogo wangu Naima.

Aliponiazima, Shangazi alinipa masharti matatu. Asilale nyumba tupu. Asishikwe na mwanamume. Asivuke maji.

La kwanza nimetimiza, kila siku nilirudi naye Boko. La pili nimevunja kimyakimya. Wale wa makumbusho ya Ujerumani wanachukua maonyesho yote, na wamemtaka yeye hasa, ndiye aliye kwenye bango. Basi ili asivuke maji, nilimpeleka kwa Alfonsi, mchongaji jirani yangu hapa Boko, akachonga wa pili. Nakala ndiyo inayosafiri. Nimeandika wazi kwenye kibandiko kuwa ni nakala, sijamdanganya Mjerumani. Niliyemdanganya ni Shangazi, kidogo tu.

Alimfungua kwenye kanga. Akamnusa utosini, akamgeuza. Halafu akamwambia, "Karibu." Mie akaniuliza kama nimekula.

Alhamisi, 5 Septemba

Makasha yote saba yamefungwa na kupigwa lakiri. Nakala nimeilaza mwenyewe kwenye sponji, uchi, bila shanga. Twaha wa mizigo anasema ndege ni Jumanne usiku. Miaka tisa nabembeleza kuta za watu. Sasa kuta zinanibembeleza mie. Nimekaa jikoni nikalia kidogo, halafu nikapika tambi.

Ijumaa, 6 Septemba

Sijui hata naandika nini.

Nilikwenda kwa Alfonsi kumpelekea kitabu cha maonyesho, chenye jina lake. Hakuwepo, amekwenda kutafuta magogo. Alikuwepo mkewe, Filomena. Kafurahi, kakishika kitabu kwa upande wa kanga asikichafue. Akaufikia ukurasa wa mwana hiti, akasema, "Dada Rukaiya, na shanga je? Umeona nilivyozitunga upya?"

Nikamuuliza shanga zipi.

Kumbe uzi ulikuwa umeoza. Siku ile mume wake anamaliza kazi, shanga zikamwagika chini. Filomena akaziokota moja moja, akaziosha, akazitunga kwa uzi wa nailoni. Akaona haya, anasema, mtoto wa kike kukaa kiuno kitupu mbele ya wanaume wa karakana. Akamvisha.

Nikamuuliza alimvisha yupi.

"Yule mtoto wako."

Yupi, Filomena? Walikuwa wawili mezani.

Akanitazama. Nikaona uso wake unabadilika pole pole. "Mie nilimvisha aliyekuwa karibu," akasema. "Si walikuwa wote sawa?"

Mie alama yangu ilikuwa shanga. Shanga tu! Mwenye shanga nikampeleka kwa Shangazi, asiye na shanga nikamtia kwenye kasha. Mimi, ninayeandika vibandiko mpaka kwenye glasi za watu. Kila kitu kwenye maonyesho yangu kina namba, picha na vipimo. Yeye nilimwonea aibu kumbandika namba. Niliona ni kama kumpiga mtoto wa watu muhuri.

Jumamosi, 7 Septemba

Sijalala. Najiambia ni mti. Nimesoma, nina digrii, nimeandika makala kuhusu haya mambo na nikalitumia neno "imani" kama mtu anayeshika kitu kwa koleo.

Lakini Naima ana mimba ya miezi minane. Mimba mbili zimeshatoka. Hii ndiyo imefika. Na kwetu, mwanamke akikaribia mtoto wa kwanza, mwana hiti aliyemlea anaoshwa, anapakwa mafuta, analazwa ubavuni kwake mpaka uchungu uanze. Wote wamefanyiwa hivyo. Sasa huenda tunamlaza mdogo wangu na kazi ya Alfonsi ya mwezi wa saba.

Naogopa. Nimeandika, basi.

Jumapili, 8 Septemba

Nimekumbuka meno!

Nilipokuwa mwali, nina miaka kumi na tatu, nilimng'ata. Walininyima kwenda kutazama harusi ya jirani, nikasikia ngoma kutoka ndani, nikamng'ata mwana hiti nyuma ya shingo kwa hasira. Alama zilibaki, nne, moja imepinda kwa sababu ya jino langu la pembeni. Sikumwambia mtu.

Nikaenda mbio Mwananyamala, kwa Shangazi. Shikamoo Shangazi, marahaba, Naima, anayekaa huko mpaka ajifungue, kalala, miguu imemvimba. Nikasema nimekuja kumsabahi mwana hiti. Shangazi akanitazama vile anavyotazama samaki sokoni, lakini akamtoa. Nikapitisha kidole nyuma ya shingo.

Nne. Na iliyopinda ipo.

Nikakaa mkekani nikacheka peke yangu. Naima akaamka, akauliza, "Dada, una nini?" Nikamwambia nina furaha tu. Nikamkanda miguu mpaka akasinzia tena. Shangazi akamrudisha mwana hiti kwenye kanga.

Jumatatu, 9 Septemba

Ningenyamaza. Mdomo wangu huu.

Nilimkuta Alfonsi kibarazani kwake. Nikamsimulia kama kichekesho, nilivyoogopa, na meno yalivyoniokoa. Akacheka naye. Akasema, "Hata meno niliyaweka. Manne. Moja limekwenda upande."

Nikamwambia usinitanie.

Hatanii. Anasema kazi ni kazi. Nilimwambia nataka wafanane, akafananisha. Hata mti hakuchukua mbichi, alichonga mchi wa kinu wa mama mkwe wake, una miaka arobaini, uzito ule ule. Akamning'iniza juu ya moshi wa jiko wiki tatu. Nikamuuliza, kwa hiyo wewe ukiwaona utawajua? Akafikiri kwa uaminifu kabisa. Akasema, "Walipokuwa mkononi mwangu nilikuwa nawajua. Sasa, sidhani." Nikaona anajivunia, na ana haki. Nimemsifia mwenyewe kwenye ukurasa wa kumi na mbili.

Filomena alikuwa mlangoni. Alipokuja kunisindikiza alinishika mkono akasema, nenda kamwambie mama yako mkubwa. Sikumrekebisha kwamba ni shangazi.

Jumanne, 10 Septemba

Asubuhi nimempigia Twaha. Nikamuuliza, kwa mfano tu, kasha likitaka kufunguliwa. Akasema linafunguliwa, kwa nini lisifunguliwe. Lakini lakiri ikikatika, karatasi zinaanza upya, mkaguzi aje tena, na ndege ya leo basi. Inayofuata ni baada ya siku kumi. Ufunguzi kule ni baada ya siku tisa.

Tena nilifikiri, nikifungua nitaona nini? Nitakuwa na wawili mbele yangu, nisiojua yupi ni yupi. Wa kuwajua ni Shangazi peke yake. Ningelazimika kuwapeleka wote wawili kwake na kusema.

Hapo ndipo nilipogoma. Si ndege. Si Mjerumani. Ni kusema.

Nikamwambia Twaha, basi, acha iende.

Saa hizi iko juu ya maji tayari. Mmoja wao.

Jumatano, 11 Septemba

Naima kalazwa. Presha. Shemeji kampeleka asubuhi baada ya kuona macho yake hayatulii, anasema anaona nyota. Wamemweka wodini Mwananyamala, wanampima kila saa. Daktari, dada mdogo mpole, katuambia mtoto yupo, anacheza, ila presha ikigoma kushuka watamtoa kwa upasuaji, hawatasubiri.

Nimeuliza maswali yote ya mtu aliyesoma. Namba ngapi, protini kiasi gani, dawa ipi. Kanijibu yote. Nimeandika kwenye simu kama vipimo vya picha. Haijanisaidia.

Najua presha ni presha. Mama alikuwa nayo. Dokta hajataja mti wala maji. Lakini kuna sehemu ya mwili wangu, hapa chini ya kifua, haisikii la daktari.

Na jambo lingine, ambalo sijawahi kuliandika. Nina miaka thelathini na nane, sina mtoto. Ndoa moja, miaka sita, hakuna kitu. Sikuwahi kuunganisha. Leo nimekaa chooni hospitali nikaunganisha. Mie ndiye niliyemng'ata.

Alhamisi, 12 Septemba

Presha imeshuka, imepanda, imeshuka. Wajerumani wametuma barua pepe na picha, makasha yamefika salama. Wamefungua la kwanza. Wanasema mwana hiti ni mzuri kuliko kwenye bango, wameshamweka kwenye kabati la kioo, na hata harufu yake ya nazi bado ipo.

Harufu ya nazi.

Wote wawili niliwapaka mafuta kabla ya picha. Wote wawili, kwa mkono wangu. Niliona vibaya kumpaka mmoja na kumwacha mwenziwe anatazama. Kwa hiyo harufu si ushahidi. Si ushahidi, si ushahidi. Nimeisoma ile barua mara saba.

Jioni Shangazi kampakia mwana hiti kwenye kikapu, chini ya chupa ya uji, akampitisha wodini. Nilimwona akimlaza ubavuni kwa Naima, chini ya shuka. Muuguzi kaona, kageuka upande mwingine. Naima kamshika, kafumba macho, katabasamu. Mara ya kwanza kwa siku mbili.

Hapo ningesema? Mbele ya lile tabasamu? Nilitoka nje nikanunua maji ambayo sikuyahitaji.

Ijumaa, 13 Septemba

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha upasuaji. Daftari limo kwenye mkoba kila siku, leo ndiyo nalitumia ili nisipige kelele.

Saa nne asubuhi presha ilipanda ikakataa kabisa. Naima alianza kuongea maneno yasiyoeleweka. Daktari akasema sasa. Wakamsukuma haraka, shemeji akakimbia kwenda kutafuta damu, watu wawili wa kwao wanakuja kuchangia. Tumebaki sie wawili, mie na Shangazi. Mwana hiti wamemrudisha, haruhusiwi kuingia huko. Shangazi kamweka mapajani, kwenye kanga.

Nilikuwa natazama vidole vyake vinavyopita kwenye zile shanga, na uzi ule wa nailoni unang'aa wazi, mtu yeyote angeuona. Mie sikuuona siku zote za maonyesho. Nikajiuliza, yeye atakuwa hajauona?

Akafungua kichupa cha mafuta. Akakinyoosha kwangu.

"Mpake wewe," akasema. "Mie nimechoka kumpaka mgeni."

Nikasema Shangazi. Akasema tu, bila ukali, kwamba alijua tangu siku ile nilipomleta. Alimnusa utosini. Yule wa kwetu ana harufu ya vichwa vyetu wote, mafuta hayaifuti. Akaona nina kitu mdomoni, akaningoja. Jumapili akaningoja tena, nilipokuja kupapasa shingo. Jana pia akaningoja.

Ndiyo maana siku ile alimwambia karibu. Mtu wa nyumbani hakaribishwi.

Nikamuuliza, kwa nini basi ulimlaza kwa Naima, na unajua si yeye?

"Naima alikuwa anamhitaji. Ningempa nini?" Halafu akaniuliza yuko wapi. Nikasema Ujerumani. Akatikisa kichwa, taratibu. Akauliza kama huko amelala na mtu, au peke yake. Nikamwambia yuko kwenye kabati la kioo. Peke yake.

Akakisogeza kichupa karibu yangu.

Nimempaka. Utosini, shingoni kwenye meno yangu ambayo si yangu, mgongoni. Mikono inateleza. Naomba Mungu, na namwomba yule wa kwenye kioo anisamehe, na nampaka huyu, maskini, ambaye hana kosa lolote zaidi ya kuchongwa vizuri. Nikasema, Shangazi, nitapiga simu leo, nitamrudisha, maonyesho yafe. Akasema, "Sema kwanza na mwenye mtoto. Akitoka umwambie mwenyewe."

Akitoka. Alisema akitoka.

Mlango umefunguliwa. Muuguzi kasimama na karatasi mkononi, kavua barakoa, uso wake siusomi. Anauliza ndugu wa Naima ni nani.

Shangazi hajainuka. Amemchukua mgeni kutoka mkononi mwangu, amemfunika, na ananitazama mie.