Prosesa ya Baba, Bodi ya Shangazi

Mshauri wangu, shikamoo. Nakuandikia huku naona haya, lakini haya hiyo haitanisaidia Jumapili ikifika, kwa hiyo naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unigombeze.

Mimi ni msichana wa mapokezi katika zahanati, kazi yangu ni kupokea wagonjwa, kutafuta mafaili yao na kuwatuliza wanaosema wamerukwa kwenye foleni, na mwaka huu nimepata nafasi ya kusomea kuandika programu za kompyuta, masomo ya jioni, na chuo kimesema wazi kwamba muhula wa kwanza tutatumia mashine zao lakini kuanzia wa pili kila mwanafunzi awe na yake, asiye nayo asubiri mwaka mwingine. Nikaangalia uwezo wangu nikaona laptopu nitakayoipata ni ile iliyokwisha kumchosha mtu mwingine, betri inazima kabla hujamaliza kusalimia, basi nikaamua nijenge kompyuta ya mezani kifaa kwa kifaa, maana ya mezani kikiharibika kimoja unabadilisha hicho kimoja, maisha yanaendelea.

Sasa mshauri, nyumbani kwetu hatuchangiani fedha. Sijui ilianza lini, ila mtu akioa mmoja analeta kitanda, mwingine kabati, mwingine masufuria, kila mtu na kitu chake ili kesho akija kutembea akionyeshe kwa kidole. Baba akasema na kompyuta iwe hivyo hivyo. Mjomba akachukua boksi la kuwekea vifaa vyote na pawa, yaani kile kisanduku cha umeme cha ndani, mama akachukua memori, vile vijiti vya kumbukumbu ya muda, skrini nilikuwa nayo ya kuazima kazini, baba akasema yeye ndiye baba kwa hiyo atanunua prosesa, ubongo wenyewe. Bodi tu, ule ubao mkubwa ambao vitu vyote huchomekwa juu yake, ikabaki haina mwenyewe.

Hapo ndipo baba alipompigia simu shangazi, na nataka uelewe uzito wa hiyo simu. Baba na shangazi ni tumbo moja, lakini walikuwa hawaongei tangu bibi, mama yao, alipougua, kila mmoja akidai mwenzake alimtupia kazi yote ya kuuguza, bibi akafariki, wakazika bila kutazamana usoni, wakaachana hapo hapo makaburini. Siku hiyo baba akasema tu, "Dada, mimi nimechukua ubongo, wewe unaleta nini?" Nikasikia sauti ya shangazi, "Na huo ubongo utakaa wapi bila mwili? Niachie bodi." Tangu hapo wanapigiana simu kila Jumapili, wanabishana nani kanunua cha maana zaidi, baba anacheka mpaka anakohoa, na mama anatoka nje kufuta machozi akijifanya anaanua nguo.

Kosa langu ni kwamba kila mtu nilimtajia jina la kifaa tu. Sikusema prosesa ya aina gani wala bodi ya aina gani, niliona aibu, mtu mzima anakutolea kitu chake halafu unampangia tena alete cha namna gani? Vifaa vikaja, vizuri, vipya, na maboksi yake. Prosesa ya baba chini ni bapa, haina mguu hata mmoja. Bodi ya shangazi ina matundu chungu nzima yanayosubiri miguu. Ni za kampuni mbili tofauti, mshauri, haviingiani hata ulie, na nililia kidogo.

Wakati huo sebuleni wamekaa wote wanasubiri niwashe. Shangazi alikuwa amekanyaga nyumba yetu kwa mara ya kwanza tangu msiba, kajipamba, kakaa kochi moja na baba. Nikashindwa kutoka kusema. Nikaipachika bodi yake ndani ya boksi, feni ya prosesa nikaifunga juu yake kwa uzi wa kushonea, prosesa yenyewe nikaificha kwenye droo chini ya soksi, kisha nikaunganisha matundu mawili ya plagi kubwa ya pawa kwa klipu ya karatasi kama nilivyoona kwenye video, na feni zote za boksi la mjomba zikazunguka na taa zake za rangi. Boksi lina kioo ubavuni, kila kitu kinaonekana. Nyumba nzima ikashangilia, mama akapiga kigelegele. Shangazi akauliza, "Mbona yangu haiwaki?" Nikasema, "Yako inawaka ikipata kazi nzito, shangazi." Baba akauliza mbona skrini nyeusi, nikasema inasubiri waya.

Basi huo waya unasubiriwa mpaka leo. Mazoezi ya chuo ya kufanyia nyumbani nayafanya kwenye simu, kuandika mabano tu vidole vinauma. Baba ni kinyozi, na hakuna kichwa kinachokaa kwenye kiti chake bila kusimuliwa habari za prosesa. Jumapili hii shangazi anakuja na rafiki yake, anataka niandike programu jina lake litokee kwenye skrini, na duka walikonunua wote wawili linabadilisha vitu mpaka mwisho wa mwezi tu. Mwenzangu wa maabara ananishauri niirudishe bodi kimya kimya nichukue inayoingiana na prosesa, ifanane nayo kwa sura, atajulia wapi? Mimi nashindwa. Nibadilishe cha nani, na nifanye kwa siri au niseme? Maana nikisema cha fulani ndicho kinachorudi dukani, mwenzake atatamba, watakumbushana ya bibi, na tutarudi kule kule. Nikikosa kompyuta nitasubiri mwaka mwingine nisome. Ile simu ya Jumapili ikinyamaza tena, sijui nitafanya nini.

Ni mimi, Mwasha Feni

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mwasha Feni. Nimekusikiliza mpaka mwisho kama ulivyoomba, sasa ni zamu yangu.

Kwanza toa hiyo klipu. Leo, kabla hujakunja gazeti hili. Chomoa umeme ukutani ndipo uitoe, na huo uzi wa kushonea uukate. Pawa si taa ya harusi, na siku mtoto wa jirani atakapoingiza kidole humo hutakuwa na maneno ya kumwambia mama yake.

Pili, hebu niambie. Mgonjwa akija dirishani kwako akasema "nipe faili langu" bila kutaja jina, unampa la nani? Unamuuliza jina, jina la baba, mwaka wa kuzaliwa, na hujamkosea adabu hata kidogo. Sasa baba yako aliingia dukani na neno moja, shangazi yako naye akaingia na neno lake moja, muuzaji akawapa alichokuwa nacho. Wazazi walitaka kukupa kitu kitakachokufaa, wewe ukawanyima maelezo ukaita heshima. Ukubwa wote huo! Haya, hilo limeisha, sirudii.

Tuingie kwenye mashine. Kinachorudi dukani ni bodi. Nimeiangalia picha ya maboksi uliyoambatisha. Prosesa ya baba ni ya kati, ina nguvu ya kukutosha masomo yote na kazi ya kwanza baada ya masomo, na ina uwezo wa kutoa picha ndani yake, kwa hiyo huhitaji kununua kadi ya picha. Ukiibadilisha yenyewe ili kuifuata bodi ya shangazi, nyingi utakazoonyeshwa kwa bei hiyo hazina uwezo huo, na utalazimika kutafuta kadi. Bodi ya shangazi nayo ni nzuri, tena nzuri kupita kiasi: imetengenezwa kwa wacheza michezo, nusu ya bei yake ni taa na mapambo. Programu hazisomi taa. Chukua ya kawaida ya aina inayopokea prosesa ya baba, yenye nafasi nne za memori, ili miaka ijayo uongeze bila kutupa kitu. Na isiwe bodi yoyote tu! Kuna za memori za kizazi kipya na za kizazi kilichotangulia, hivyo memori za mama yako ziende nazo dukani zikajaribiwe, la sivyo utaniandikia tena mwezi ujao kuhusu mama.

Pawa ya mjomba, inyanyue mkononi. Kama ni nyepesi kama kopo tupu na haina waranti, mwambie mjomba abadilishe naye, maana hicho ndicho kifaa kinachoua vingine kikifa. Kama ni nzito na ina waranti ya miaka kadhaa, mshukuru. Mashine usiiweke sakafuni, inavuta vumbi, na kila baada ya miezi michache ifungue uipulize. Umeme wa kwenu ukiwa wa kuruka ruka, tafuta kifaa cha kuutuliza kabla hujatafuta kiti cha kuzunguka. Ukifanya hivyo mashine hiyo itakuzeesha wewe kwanza.

Lakini Mwasha Feni, kuna jambo limenishangaza kuliko klipu. Nimevipitia vifaa vyako mara mbili: boksi, pawa, memori, prosesa, bodi. Diski iko wapi? Hakuna aliyeleta diski! Ulitaka programu zako ukaziweke wapi, kwenye droo la soksi? Hata kama vifaa hivyo vingekuwa vinaingiana, Jumapili skrini ingewaka ikuulize hicho kinachokosekana, mbele ya shangazi na rafiki yake.

Na hapo hapo ndipo pa kutokea. Bodi ya kawaida ni ya bei nafuu kuliko ile ya taa. Tofauti inayobaki inanunua diski nzuri, ile ya SSD isiyo na sahani inayozunguka, yenye kasi na isiyoharibika kwa kutikiswa. Kwa hiyo shangazi yako hapunguziwi zawadi. Anatoka na viwili: mwili ambao ubongo utakaa, na mahali ambapo kila kitu utakachoandika kitahifadhiwa. Baba yako atalalamika kwamba dada yake amemzidi kwa vifaa. Mwache alalamike, kwa jinsi ulivyoniandikia, hakuna kinachomfurahisha kama hicho.

Ya kufanya kwa siri, hapana. Mwenzako wa maabara hamjui shangazi yako. Mwanamke aliyeona kupitia kioo cha boksi kwamba bodi yake haiwaki, mbele ya watu wote wanaopiga vigelegele, huyo ataona pia kwamba si ile aliyonunua. Na akigundua mwenyewe, atadhani baba yako alijua na wakamcheka wawili. Hapo ndipo yale ya bibi yatakapofufuka.

Mpigie simu leo, mwambie rafiki yake aje Jumapili nyingine, yeye mwenyewe aje hii, tena mapema. Waketi wote wawili, baba na yeye, kochi lile lile. Usianze na mmoja ukamfuata mwingine, atakayetangulia kusikia atajiona mshindi. Weka bodi mezani, weka prosesa kando yake, waonyeshe matundu na waonyeshe upande usio na miguu, waache waguse. Useme, "Mlileta vitu vizuri, mimi sikuwaambia vya aina gani, na siku ile niliwadanganya kwa feni." Basi. Usiongeze. Na tafadhali nakuomba, usije ukawaambia kwamba vifaa hivyo ni kama wao wawili. Najua umeshalifikiria hilo, nyie mliosoma mnapenda sana. Watakufukuza sebuleni, na mimi nitakuwa upande wao.

Watagomba, tena sana. Baba atakuuliza atawaambia nini wateja wake, shangazi atasema amevaa vizuri kuja kutazama feni. Vumilia, ni haki yao. Ila usifikiri ni taa za boksi zilizowafanya waongee. Wale walikuwa na hamu ya kuongea siku nyingi, wakakosa pa kuanzia. Sasa wana pa kuendelea.

Kwa sababu dukani wataenda pamoja. Risiti ya bodi bila shaka iko kwa shangazi, na muuzaji atahitaji prosesa ya baba kaunta pale, aijaribu kwenye bodi mpya kabla ya kufunga. Mmoja hawezi kwenda bila mwenzake. Waandikie kwenye karatasi aina kamili, herufi kwa herufi, pamoja na diski, wape na memori za mama, kisha wewe baki nyumbani. Baki hata wakikuita. Safari ya kwenda dukani na kurudi, na kukaa kwenye benchi muuzaji akijaribu, ni muda mrefu kwa ndugu wawili kukaa bila kusema lolote, na wakishindwa la kusema, watakusema wewe.

Wakirudi wamenuniana, angalau una bodi na diski, keti usome. Wakirudi wanacheka, ujue wanakucheka wewe na uzi wako wa kushonea. Watakucheka hivyo mpaka uzeeke, kila Jumapili, kwenye simu. Nyamaza uwasikilize, mwanangu, ndiyo sauti uliyokuwa unaogopa kuipoteza.