Kona Zilizonyooshwa

Jumatano, 9 Julai. Buhigwe

Siku ya tatu ya kulala garini. Nimekunja godoro, nimefunga mapazia, nimejaza dumu la maji kwenye kisima cha kanisa. Viazi vitamu viko jikoni. Baridi ya kiangazi huku haina adabu. Baba Neema anasugua kioo cha mbele. Siku hizi anakisugua sana.

Watu wanakuja kuchungulia Hiace yenye kitanda. Wanasema wazee tumepata ujana wa pili. Wacha waseme. Miaka thelathini yeye alikuwa kwenye malori, mimi kwenye chaki, tukiishi kama wapangaji wawili. Alipostaafu akang'oa viti vya gari, nilidhani amerukwa na akili. Kumbe alikuwa ananitengenezea safari. Nilifurahi hadi nikaona aibu.

Asubuhi alimimina chai pembeni ya kikombe. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa, 11 Julai. Kasulu

Siku mbaya. Tulisimama sokoni kununua mkaa. Dada yake alitukuta, akasimama ubavuni mwa mlango wa dereva, akampungia mkono. Baba Neema akashuka, akampita kama nguzo. Kwetu kumpita ndugu bila salamu ni kumtukana. Nikamkimbilia, nikasema kaka yako amechoka na safari. Hakuniamini. Ameondoka amenuna.

Tulipotoka sokoni nusura tumgonge mwenye bodaboda. "Ametokea wapi huyu?" Hakutokea popote. Alikuwa kulia kwetu muda wote.

Sasa najua. Sijamwambia kwamba najua.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekuwa mdomo. Mbuzi, kulia. Baiskeli ya ndizi, kushoto. Nasema kama mtu anayepiga soga tu. Yeye anajibu, "Nimeiona." Hajaiona.

Kuendesha sijui, sikuwahi kufundishwa, na yeye hakuwahi kufikiri nitahitaji. Nikisema ukweli, safari imekwisha, na huyu mume niliyempata wiki hii amekwisha nayo. Nisiposema, tutaua mtu. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili kwenye karatasi nyingine nikaichana. Hii siichani.

Jumapili, 13 Julai. Nyakitonto

Ibada. Nilisali vibaya. Niliomba gari liharibike.

Jumatatu, 14 Julai. Kibondo

Gari halikuharibika.

Niandike ilivyokuwa. Baba Neema anaendesha kwa kumbukumbu. Njia ya Kibondo ameibeba kichwani kona kwa kona tangu enzi za vumbi. Anazitaja kabla hatujafika: hapa palikuwa na daraja la magogo, hapa lori lililala siku mbili kwenye tope. Nilikuwa namsikiliza, nikapenda sauti yake, nikasahau kutazama mbele. Lakini ile barabara haipo tena. Wameweka lami, na kona nyingi wamezinyoosha.

Mahali fulani akakata kushoto. Kona yake ya zamani. Tukaacha lami, tukashuka kwenye uwanja ambapo watu wameanika mihogo. Nilipiga kelele, akafunga breki. Magurudumu yote manne yalikuwa juu ya mihogo, inavunjikavunjika.

Akasema, "Barabara gani hii, kokoto tupu."

Mwenye mihogo, mama wa makamo, alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye bampa na gunia mkononi. Alikuwa ndiyo kwanza ameinuka kulifuata. Niliteremka, nikapiga magoti nikaanza kuokota vipande. Naye akainama tukaokota pamoja. Hakunitukana. Ningeona afadhali angenitukana.

"Mama we, mzee wako haoni," alisema taratibu. "Ni Imana tu, Mungu mwenyewe. Ningekuwa bado nimechuchumaa pale."

Nikamjibu, "Anaona. Ni jua lilimpiga."

Nilimdanganya mtu ambaye tulikaribia kumuua. Nikimtazama machoni. Huku nimeshika mihogo yake.

Nilimwachia gunia letu la mchele. Kisha nikapanda, nikamwelekeza hadi Kibondo, kushoto kidogo, nyoosha, polepole. Mimi ni mbaya kuliko yeye. Yeye haoni. Mimi nilikuwa naona kila kitu.

Jumanne, 15 Julai. Kibondo, uwanja wa kanisa

Aliamka akasema leo Kasanda, alikozaliwa. Akakaa kwenye usukani. "Panda mbele, Mama Neema."

Nikapanda nyuma. Nikakaa kitandani, nikafunga mdomo.

Akawasha gari. Akaweka gia. Gari likaunguruma, halikuondoka. "Kuna nini mbele?" Sikujibu. Akauliza tena, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Mke wangu, kuna nini mbele?" Mbele kulikuwa na majani makavu na kuku mmoja. Sikujibu. Nilijichukia. Niliuma kitenge changu nisitoe sauti.

Akazima.

Ndipo akasema. Presha ya macho. Daktari alimwambia mwaka juzi. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba la maji, na bomba linazidi kuwa jembamba. "Nilitaka nikuzungushe kabla halijaziba."

Nikamwambia habari ya mihogo, na ya yule mama na gunia lake. Alidhani kweli ni kokoto. Akaweka ufunguo kwenye godoro karibu na mkono wangu. Kisha akalia, mzee wa miaka sitini na saba. Nilikuwa na hasira naye bado. Nikamshika hivyo hivyo.

Alhamisi, 17 Julai

Ezekieli amekuja kutuendesha kurudi Kasulu. Zamani alikuwa utingo wake, sasa ana lori lake na mvi zake. Alipokea ufunguo kwa mikono miwili, akasema, "Bosi, karibu nyuma." Kasanda hatukufika.

Tumekaa kitandani bega kwa bega. Ezekieli anaendesha vizuri, kwa utulivu. Kila kona, mguu wa kulia wa Baba Neema ulikandamiza sakafu, ukitafuta breki. Kona nyingine zipo. Nyingine zimenyooshwa, naye alikandamiza vilevile.

Tulipokaribia Kasulu mguu ukatulia. Nilidhani amelala. Nikamtazama. Macho yalikuwa wazi, barabara amemwachia Ezekieli.