Islande Ameomba Chakula

Jumanne, 5 Machi 2013
Tumetoka kliniki. Islande, mtoto wa marehemu dada yangu — miaka sita, na bado nambeba kwa mkono mmoja. Nesi Gerlande hakunificha. Dawa za virusi vya UKIMWI peke yake hazitoshi. Mwili wenye njaa haupigani, ugonjwa unapata mwanya. Akanipa pakiti za siagi ya karanga. Akizidi kupungua, atalazwa. Dada nilimzika. Huyu sitamzika!

Jumatano, 6 Machi
Kalamba kidogo, katema. Vidonda vya mdomo vinamwasha. Nimempaka dawa. Nikaenda kulia nyuma ya migomba, asinione.

Jumamosi, 9 Machi
Jirani yangu Mama Théodule kachungulia sufuria. Eti, 'Ketlie, huu uji au gundi ya kubandikia mabango?' Ana mdomo yule! Lakini akakaa, akatwanga mahindi na maharage, akapika upya. Islande akameza — vijiko kadhaa! Kisha akamkazia macho: 'Bibi, na wewe umekuja kula changu?' Tulicheka mpaka kuku wakatawanyika.

Jumapili, 17 Machi
Mdomo umepona. Pakiti anaifyonza mpaka inalia. Leo ameomba ndizi za kukaanga na parachichi. AMEOMBA!

Jumanne, 19 Machi
Uzito umepanda! Nesi Gerlande hakuamini, akampandisha tena kwenye mizani. Eti, nimemjaza mawe mfukoni? Damu watapima baada ya Pasaka, waone virusi vimeshuka kiasi gani. Jibu hilo naliogopa. Ila leo nimeimba njia nzima.

Ijumaa, 29 Machi
Ijumaa Kuu. Tulikuwa mezani, samaki wa chumvi na maharage meupe, mara rara hiyo, msafara wa ngoma wa Pasaka, barabarani! Ngoma, tarumbeta za mianzi, watu wanacheza, vumbi tupu. Islande kafuta sahani kwa kidole, huyo, kachomoka! 'Islande, rudi!' 'Nakuja, Mama mdogo!' Haji ng'o. Nilimkimbilia mpaka darajani, pumzi ikanikatika. Nilimwona kwa mbali katikati ya wachezaji, kiuno kinazunguka, anacheka.
Mama Théodule kajishika mbavu: 'Si ulitaka ashibe? Haya, mkamate sasa!'
Nimerudi kuchukua viatu vyake. Naandika nikihema. Tarumbeta zimeshavuka mto, wanapanda kilima — na mtoto yuko nao, peku! Ngoja niende