Kadi za Mzee Ottavio

Bredäng, Stockholm
Novemba 1974

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yake pia, ingawa barua hii nakuomba uisome kwanza wewe mwenyewe ukiwa umekaa, ndipo umsomee yeye.

Mguu unaendeleaje na baridi ya huko Songea? Kaka Fidelis aliniandikia kwamba mmehamia kijiji kipya na nyumba ilikuwa bado haijaezekwa. Naomba mvua zisiwakute hivyo. Sisi hapa ni wazima. Mume wangu Kasiani bado yuko kule Märsta, kwenye maghala ya uwanja wa ndege. Anaondoka gizani na kurudi gizani, maana mwezi huu jua lenyewe linachungulia tu. Rehema ametimiza miaka mitatu. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi, nami simpi kitu mpaka akiombe kwa Kiswahili. Analia, kisha anaomba. Mimi nimechoka, baba, lakini ni uchovu wa kazi, si ugonjwa.

Katika barua zangu nimekueleza mara nyingi habari za mzee ninayemsaidia. Nilikuambia ni mzee wa hapa hapa. Si kweli. Ni Mtaliano. Nilijua ulipigana na Wataliano Uhabeshi, na ndiko ulikopata lile jeraha la mguu, nikaogopa. Miaka miwili nimekuficha. Sasa limetokea jambo, na siwezi kuendelea kukuandikia nusu nusu.

Anaitwa Ottavio. Anakaa jengo la pili kutoka letu, ghorofa ya tano. Nilipelekwa kwake na ofisi ya halmashauri inayowatafutia wazee watu wa kuwapikia, kuwafulia na kuwaogesha. Siku ya kwanza aliniuliza kwa Kiswidi kilichopinda, "Umetoka wapi?" Nikamjibu kwa Kiswidi kilichopinda zaidi. Akasema, "Vizuri. Katika nyumba hii hakuna atakayetusahihisha."

Kazi yake ni kuchora katuni, zile picha ndogo zinazofuatana mpaka zinakuwa hadithi. Mhusika mkuu wa hadithi zake ni ofisa mmoja mfupi, mnene, ambaye mimi namwita Bwana Nishani, maana kifua chake kimejaa nishani tupu, na kila akiinama kuokota nyingine zinamvuta anaanguka. Huko kwao anajulikana na kila mtu. Kwa kumtumia huyo, Ottavio amewacheka mawaziri, maaskofu, majenerali na wenye viwanda. Alianza naye baada ya vita, katika gazeti moja la wiki la Milano. Mara mbili alishtakiwa. Mara ya pili alifungwa miezi minne kwa kumchora waziri amepiga magoti akimfunga tajiri kamba za viatu. Alipotoka, wenye gazeti wakawa wanamwogopa kidogo. Mke wake alikuwa Mswidi, mwalimu, naye Ottavio akamfuata huku. Mke akafa, yeye akabaki. Mpaka mwaka huu alikuwa bado anatuma katuni Milano kila wiki kwa posta.

Lakini mikono yake imeanza kutetemeka. Mistari bado anaiweza, anaivuta polepole ameegemeza kiwiko mezani. Asichokiweza ni kujaza weusi. Kofia, koti, giza la dirishani, mahali popote panapotakiwa kuwa peusi yeye huweka alama ndogo ya msalaba kwa penseli, na mtu mwingine hujaza kwa brashi na wino. Siku moja aliniona nikishona kifungo cha Rehema, akaniuliza, "Mkono wako hautetemeki?"

"Hautetemeki."

"Basi weka hiyo sindano. Kaa hapa."

Tangu hapo nikimaliza kufua nakaa mezani kwake najaza weusi, na Rehema hukaa chini ya meza akichora nyuma ya karatasi zilizoharibika. Mwaka jana mtoto alipopata degedege tukiwa kwake na Kasiani yuko kazini, mzee huyo ndiye aliyeteremka ghorofa zote tano akatoka kwenye theluji bila kofia kusimamisha gari. Nakuambia haya ili umjue, kabla sijakuambia yaliyobaki.

Kiangazi kilichopita nyumba moja ya kuchapisha vitabu huko Milano ilimwandikia. Walitaka kutoa kitabu kikubwa cha kazi zake zote tangu ujana. Dibaji ilikuwa tayari imeandikwa, naye alinitafsiria akiona haya kidogo: kwamba huyu ni mtu ambaye kalamu yake haikuwahi kumpigia magoti mkubwa yeyote. Sijawahi kumwona mzee yule na furaha namna ile. Alianza hata kunyoa kila siku. Tukawa tunatoa makaratasi makabatini. Zilizofifia yeye anazikazia mistari, mimi najaza.

Chini kabisa ya kabati nikakuta bahasha. Ndani yake zilikuwamo kadi za posta, kama ishirini, za rangi. Zilikuwa picha za askari wa Kitaliano na watu weusi.

Baba, unakumbuka ulitusimulia kwamba mlipowakamata mateka mliwapekua mifukoni, na mwenzako akakuta kadi ya picha, akacheka, halafu akaacha kucheka? Fidelis alikuuliza ilikuwa na picha gani. Ulisema, "Hiyo si ya watoto," ukatoka nje. Sasa mimi ni mtu mzima na nimeziona. Moja ilikuwa ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Sitaandika alikuwa anafanywa nini. Nitakuambia tu kwamba aliyeichora alitaka watu wacheke, na alijua sana kuchekesha.

Chini ya kila kadi palikuwa na sahihi: Lupo.

"Lupo ni nani?" nikamwuliza.

"Kijana mmoja wa zamani. Rudisha hizo."

"Yuko wapi?"

"Alikufa."

Nikaziangalia tena. Nikaona viatu. Mzee Ottavio ana namna yake ya kuchora kiatu cha askari, ncha imeinuka kidogo, na kisigino kina mkunjo mmoja kama mdomo unaocheka. Nimejaza viatu hivyo weusi miaka miwili. Nikaweka kadi moja mezani, kando ya ukurasa wa Bwana Nishani.

"Lupo amekufa," nikasema, "lakini viatu vyake unavyo wewe."

Alivua miwani, akaifuta, akaiweka bila kuivaa. Kisha akasema alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kiwanda cha kadi kilikuwa kinatafuta mchoraji, na kadi zenyewe zilikuwa za kuwapa askari wanaopelekwa Uhabeshi, wazitume kwao. Alichora, akalipwa. Hakuwahi kufika Afrika. Alikuwa hajamwona mtu mweusi hata mmoja.

"Nilikuwa na njaa, Skola."

"Baba yangu alikuwa huko," nikasema. "Askari wa Keya, jeshi la Waingereza. Alirudi na mguu mmoja mzima."

Akaniangalia sana. "Yuko hai?"

"Yuko hai. Analima tumbaku."

Nikamwambia kadi zile ziingie kitabuni, tena na jina lake mwenyewe, si la Lupo. La sivyo dibaji ile ni uongo, na atafute mkono mwingine wa kumjazia.

"Unataka watu wanikumbuke kwa haya?" akasema. "Nimekaa gerezani, Skola. Nimefanya kazi maisha yangu yote."

"Hayo nayo yamo. Sijasema uyatoe."

"Basi mwandikie baba yako. Muulize. Akisema nizichome, nitazichoma. Akisema niziweke, nitaziweka."

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. "Baba yangu simtwiki. Alishabeba ya wakubwa wenu na ya wakubwa wetu. Hili ni lako." Nikamvalisha Rehema koti, nikatoka.

Nyumbani Kasiani aliposikia akaniuliza, "Wewe ni mfuaji pale, au hakimu?"

"Leo ni vyote viwili."

Akaendelea kula. Baadaye akauliza taratibu kama kweli kadi zenyewe zilikuwa mbaya hivyo. Nikamwambia ile ya mwanamke. Hakumaliza chakula.

Ijumaa nilirudi, maana kumwogesha ni kazi ya halmashauri, haihusiani na katuni. Nikamkuta mezani ameshavaa. Mbele yake kulikuwa na kurasa nne mpya. Alikuwa amebandika kadi sita, na chini yake ameandika, herufi zikiyumba, kwamba hizi pia alizichora yeye, kisha jina lake lote. Kadi mbili zilikuwa zimefifia mno, akazichora upya, na juu ya nyuso na mikono ya watu alikuwa ameweka zile alama zake za msalaba. Akanisogezea brashi. Nadhani ni mazoea tu, hakuwa amefikiri.

"Hizo jaza mwenyewe," nikamwambia.

Akaniangalia mimi, akaangalia mikono yake. Akaichukua brashi. Ilimchukua asubuhi nzima, baba. Wino ulitoka nje ya mistari, ukadondoka, akafuta, akaanza tena. Mimi nilikaa kiti cha pili, mikono mapajani. Mara mbili nilitaka kumsaidia, sitakuficha. Sikumsaidia.

Kurasa zile zikapelekwa Milano pamoja na nyingine. Wiki iliyopita simu ililia nikiwa namkata kucha. Alisikiliza muda mrefu, akasema maneno machache ya Kitaliano bila kupandisha sauti, akaiweka chini.

"Wanasemaje?"

"Watakichapa bila zile kurasa nne. Wanasema hakuna anayezihitaji."

"Na wewe?"

"Nimewaambia wanirudishie kila kitu."

Akaninyooshea mkono wa pili, nikaendelea na kucha.

Kwa hiyo kitabu hakipo. Lile gazeti la wiki nalo limenyamaza tangu habari iwafikie. Kalamu zake zimekauka wino nami nimeziosha nikazipanga, naye hajazigusa. Chakula anakila nikikaa naye tu.

Sasa nisikilize, baba. Sikuombi umsamehe. Mimi mwenyewe sijamsamehe. Kadi zile hazikunichora mimi peke yangu hata niweze kusema yameisha. Lakini nimemwona akipoteza kitu alichokitaka kuliko vyote kwa sababu alisema kweli, na siwezi kuwa mtu niliyemlazimisha kusema halafu nikamwacha na matokeo yake. Wewe ndiye uliyekuwa huko. Ukiniandikia kwamba hutaki mjukuu wako akae chini ya meza ile, nitamtafutia Rehema mahali pengine, wala sitabishana. Mimi mwenyewe nitaendelea kwenda Jumanne na Ijumaa. Siandiki hivi kwa kiburi. Nimefikiri kila siku nikipanda zile ngazi, na naona ni afadhali unikasirikie kwa jambo unalolijua kuliko unibariki kwa jambo nililokuficha.

Mama asikulaumu wewe kwa ajili yangu, wala wewe usimwulize yeye, hakujua neno. Msalimie kaka Fidelis na mkewe, na mtoto wao mchanga ambaye bado sijamwona. Msalimie shangazi aliyenilea nilipokuwa nasoma kwa masista, mwambie ule mwandiko alionichapia viboko ndio ulioutuliza mkono wangu huku. Msalimie na katekista, yule jirani yenu wa zamani, kama mmehamia pamoja.

Ukijibu, andika mwenyewe, usimpe Fidelis akuandikie. Hata ikiwa ni mstari mmoja wa hasira, nautaka uwe wa mkono wako.

Ni mimi binti yako, ambaye sasa hana alichokuficha,

Skolastika