Upanga wa Katikati ya Ukuta

Jumatatu, 6 Oktoba

Duka nimefungua mapema. Misumari ya inchi nne imekwisha, bati zipo, wateja hakuna. Kila mtu anangoja mvua. Jua la Kibondo mwezi huu halina adabu.

Mzee Hamza, mwenye duka la vitenge, kapiga simu kutoka Kasulu. Upanga umefika. Nikamuuliza upanga gani, kama mjinga. Akacheka. "Mama Neema, ule wa kizungu ulionisumbulia roho miaka yote hii. Umekuja na mzigo wa mpwa wangu kutoka Dar."

Nikakaa juu ya ndoo ya rangi. Sikutarajia upatikane. Labda ndiyo maana niliuagiza.

Jumanne, 7 Oktoba

Kasulu na kurudi. Mgongo unauma.

Mzee Hamza kaulaza juu ya vitenge, kwenye kaunta. Kafukuza wateja kwanza. Si upanga wa kale, huo ningeupata wapi. Ni wa kuigiza, umetengenezwa kiwandani kwa kufuata zile panga za askari wa Ulaya wa zamani, waliovaa chuma mwili mzima na kupanda farasi. Mrefu, umenyooka. Mpini umevikwa ngozi nyeusi. Kati ya mpini na bapa kuna chuma kilichokaa kama msalaba, cha kukinga mkono. Hauna makali. Ni wa kutazamwa tu, na wakusanyaji wanautaka hivyo hivyo, butu.

Masharti yake: niukague polepole, nikiona kasoro niurudishe kwake, naye atamrudishia mpwa wake. "Lakini urudi kama ulivyotoka hapa. Ukikwaruzwa, mama, huo ni wako."

Nimeuviringisha kwenye mkeka. Kondakta kaniuliza naenda wapi na mkeka. Nikamjibu msibani. Akanipa pole na kiti cha mbele.

Nyumbani Mama kaupapasa mkeka. Huyu ni mama mkwe wangu, mama yake Gervasi. Macho yake yana ukungu, siku hizi anaona kwa mikono. "Cha nani hiki?" Nikasema cha Gervasi. Nilichoka, sikuwa na nguvu ya kueleza. "Ego," akasema, ndiyo kwa Kiha.

Jumatano, 8 Oktoba

Niandike jambo lenyewe, maana nalizunguka.

Gervasi ni mume wangu. Alikwenda machimbo ya dhahabu, Chunya, Neema wetu akiwa bado msingi. Sasa Neema ana mume na watoto huko Kahama. Mwanzoni simu kila wiki. Kisha kila mwezi. Kisha yule dada wa mtandao, kwamba namba ninayopiga haipatikani. Sijui kama nina mume mfu au mume mwongo. Nimechoka kutojua.

Ukuta wa sebuleni ni wake. Aliuanza kwa mkuki wa babu yake. Akaongeza jambia alilouziwa na Mzee Hamza, sime ya Kimasai, visu viwili alivyovipata mnadani Mabamba, na upanga mfupi uliofuliwa Kitahana kwa springi ya lori. Katikati akapigilia misumari miwili mikubwa, akaiacha mitupu. Hapo ni pa Mikaeli, alisema. Kanisani kwetu kuna picha ya Malaika Mikaeli ameshika upanga ulionyooka, na Gervasi aliutamani ule upanga tangu akiwa mtoto wa komunio. Majirani wakamcheka. Na mimi nilimcheka.

Alipotoweka niliendelea mimi. Nikaongeza vingine viwili. Watu wananiita Mama Visu, sijali. Lakini nilijiwekea neno moja, sikumwambia hata padri: ukuta ukijaa, naacha kumngoja. Natoa nguo zake kabatini. Namwambia Neema baba yako basi.

Lilikuwa neno rahisi wakati huo. Nani angeleta upanga wa Mikaeli Kibondo?

Mama ana namna yake ya kungoja. Nyuma ya mlango kuna panga la shambani la Gervasi, na kila mwaka kabla ya mvua Mama hulitoa akamwita mtu wa kunoa, yule wa gurudumu la baiskeli. Linanolewa, linapakwa mafuta, linarudi nyuma ya mlango. Halijakata hata jani. Siku moja nililichukua nikate muwa. Alininunia wiki nzima.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimefunga duka mchana kwa ajili ya kukagua. Nilikuwa na hasira tangu nilipoamka.

Nafanya kama alivyofanya Gervasi. Kwanza jicho. Unaushika kama unalenga bunduki, unaangalia kutoka mpini hadi ncha. Umenyooka. Nikageuza upande wa pili. Umenyooka vile vile, shetani huyu. Kisha sauti. Unauning'iniza kwa uzi, unaugonga kwa ukucha. Ukatoa mlio mmoja safi, ukaenda, ukaenda. Kisha kukunja. Ncha sakafuni, unaegemea kidogo, unaachia. Ukarudi mahali pake, haukubaki na kibyongo. Chuma cha kweli. Kisha mzani wa kidole. Ukatulia juu ya kidole changu, karibu na ule msalaba, pale pale Gervasi alipokuwa akisema panga nzuri hutulia.

Nilikuwa nikiomba nipate kitu. Ufa, kutu, gundi iliyovuja. Mtu ananunua kitu kisha anaomba kiwe kibovu! Nikajisikia nikisema kwa sauti, "Haya, toa kasoro yako," nikacheka peke yangu, kisha nikalia kidogo.

Hauna kasoro.

Ijumaa, 10 Oktoba

Una kasoro!

Nimeutikisa karibu na sikio, asubuhi kabla ya chai. Tik. Nikatikisa tena. Tik. Ule msalaba unacheza. Kidogo sana, lakini unacheza. Gervasi alisema chuma kinachoongea hakijafungwa vizuri, hakipandi ukutani.

Nimeimba nikiosha vyombo. Mama kaniuliza kuna nini, nikasema leo nina furaha tu. Nimempigia Mzee Hamza. "Kizuri hakikosi ila, Mama Neema. Ulete wiki ijayo, Jumatano nitakuwepo."

Mchana nimekula sahani mbili za maharage.

Sasa ukweli, maana hapa simdanganyi mtu. Miaka yote hii nauza vyuma. Najua kinachocheza ni nini. Mwisho wa mpini kuna kirungu, chini ya kirungu kuna nati. Inatakiwa kuzungushwa nusu. Nusu tu! Spana yake ninayo dukani, rafu ya pili, mkono wa kushoto. Sijaigusa.

Jumapili, 12 Oktoba

Misa ya kwanza. Nikakaa upande wa Mikaeli, kwa makusudi.

Ni upanga ule ule. Msalaba, kirungu, mfereji katikati ya bapa. Gervasi aliwahi kuninong'oneza, mahubiri yakiendelea, kwamba malaika kaushika vibaya, akipiga atajikata goti. Nilicheka hadi mzee wa kanisa akanigeukia. Leo nimecheka tena mahali pale pale, peke yangu.

Nje, mama mmoja wa kwaya kanivuta pembeni. Kasikia kwamba kuna mtu kamwona Gervasi Sumbawanga, ana duka la vipuri. Mwaka jana ilikuwa Mpanda, ana gereji. Nikamwambia ahsante. Watu hawa wangenyamaza, ningenenepa.

Namtaka. Namtaka na mikono yake inayonuka mafuta ya mashine. Namtaka na miguu yake inayopita mwisho wa kitanda, na ule mluzi wake mbaya usio na wimbo akisugua visu Jumapili mchana kama huu. Mtu mzima, mjukuu wangu ana meno, na bado namtaka. Basi. Nimeandika.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Mawingu yalikusanyika upande wa Burundi tangu asubuhi. Nikafurahi, bati zitatoka. Nimerudi kula mchana, nikamkuta Mama mlangoni juu ya kigoda. Panga la Gervasi pajani, limenolewa, linang'aa. Kando yake upanga. Umenolewa, unang'aa.

Mtu wa kunoa kapita. Mama kamwita kama kila mwaka. Kampa vyote viwili.

Jamani. Kutoka msalabani hadi nchani, pande zote mbili. Gurudumu limechora mistari kwenye bapa lote kama mtoto aliyepewa mkaa. Nchani chuma kimeungua, kimekuwa bluu. Ule upanga niliokuwa nikiushika kwa kitambaa!

Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia Mama kelele, Mungu ni shahidi. "Mama, umefanya nini!"

Akashtuka, akageuza uso kunitafuta. "Ulisema wa Gervasi. Nikapapasa, butu kama mwiko. Mwanangu arudi akute kitu chake butu? Aibu itakuwa ya nani? Si yangu na yako?"

Nimekwenda kusimama kwenye migomba hadi nilipopoa. Maji yakimwagika hayazoleki. Upanga haurudi tena Kasulu. Una nyumba moja tu sasa, na misumari yake imekwishapigiliwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Sijasema na Mama. Yeye kapika, mimi nimekula.

Nimempigia Mzee Hamza. Akasema, "Basi ni wako." Halafu hakujua aseme pole au hongera, akasema vyote.

Mvua haijanyesha.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimekuja na spana kutoka dukani. Nusu mzunguko. Nikautikisa sikioni, kimya.

Mistari ya gurudumu nimeisugua na msasa laini, kisha mafuta. Haikutoka yote. Ukitazama kwa mbali hujui. Ukitazama kwa karibu unaona kwamba kuna mtu aliutaka ukate.

Nimeupandisha. Msalaba ukakaa juu ya misumari miwili kama uliopimwa. Alipima kwa kitu gani mtu huyu, kwa picha ya kanisani? Nikarudi nyuma hadi kwenye kochi. Ukuta umejaa.

Nikangoja kitu kivunjike ndani yangu. Hakikuvunjika kitu. Jogoo wa jirani akawika, saa mbaya kama kawaida yake.

Mama kaja akipapasa. Akagusa mkuki, akashuka kwenye jambia, akapita kwenye visu, akafika katikati. Akasimama hapo. "Umejaa," akasema.

Ndipo nikamwambia. Kila kitu, lile neno langu, kwamba ukuta ukijaa naacha kumngoja mwanawe. Nilitaka anigombeze. Nilitaka aseme mke gani wewe. Alitoa mkono kwenye upanga, akaenda kulala bila kula. Nimeona haya. Lakini nimesema.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimefungua kabati la nguo zake. Nimelifunga.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mvua imekuja alfajiri, ya kwanza, nzito. Mabati yalipiga kelele hadi sikusikia redio. Ilipokatika udongo ulinukia, na Kibondo yote ikatoka na majembe.

Nilikuwa natafuta viatu vya shamba. Mama akanijia ameshika panga la Gervasi, ameliinua kwa bapa, mpini kwangu. Sikupokea. Nilidhani kapotea, kadhani ni kitu kingine.

"Chukua," akasema. "Akija, atakuta shamba limelimwa. Asipokuja, tutakula."

Nikapokea.

Nimefyeka upande wote wa chini, hadi kwenye mfereji. Mama alikaa kwenye kichuguu na mwavuli, akisikiliza. Linakata vizuri mno. Kwenye mpini, mahali pa kidole gumba, kuna shimo alilolichimba kwa miaka ya kushika. Kidole changu kinapwaya humo. Nimefyeka hivyo hivyo.

Jioni nimelifuta tope, nikapaka mafuta. Nikasimama nalo sebuleni, sijui pa kuliweka. Nyuma ya mlango limeacha alama kwenye chokaa, umbo lake lote. Nikamuuliza Mama.

"Weka na majembe," akasema. "Jumatatu tunaanza kwenye migomba."

Nimeliweka na majembe.