Nguzo Zilizoinamia Nje

Mbale, Alhamisi, Mei 1956

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa tano. Mlima Wanale haukuonekana asubuhi nzima. Mikono yangu imechanwa na waya, kalamu naishika kwa vidole viwili, lakini lazima niandike. Leo Sajini ameponea chupuchupu, na kosa lilikuwa langu.

Sajini ni mbwa. Jina nilimpa mimi. Jeshini niliishia koplo, nikasema basi, angalau nyumba hii iwe na sajini mmoja. Mwenye mbwa hasa ni mke wangu, Rebeka, aliyemlea kwa maziwa ya kijiko kabla hajafumbua macho. Rebeka yuko Jinja mwezi wa pili sasa, kwa binti yetu aliyejifungua. Alipopanda basi hakuniagiza habari za kuku wala shamba. Aliniambia, "Mbwa asitoke."

Kichaa cha mbwa kimeingia mtaa wa Namatala. Watu wa halmashauri ya mji wamepita wakitangaza kwamba mbwa yeyote atakayeonekana nje ya ua atapigwa risasi, awe na mwenyewe asiwe naye. Sina ubishi na amri hiyo. Ningekuwa mimi, ningetoa hiyohiyo.

Taabu ni Sajini mwenyewe. Ua wa michongoma aliupenya siku ya kwanza tu. Akaingia kwa jirani yangu Bi Zaina, mjane wa Kiislamu, akanywa maji ya udhu mtungini. Bi Zaina aliusafisha mtungi ule mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini yake inavyotaka, huku akinisema kwa sauti ili nisikie. Nilisikia. Nikanunua wavu wa waya, nikakata nguzo, nikajenga ua wa kijeshi, nguzo zote zimeinamia nje. Nilijisifu sana. Nikamwandikia Rebeka kwamba hapa hata chui hapiti.

Jumatatu Bi Zaina alisimama akautazama.

"Afande," akasema, "unamzuia nani? Mbwa yuko ndani. Hapo umemwekea ngazi."

Nikamwambia ndivyo tulivyofundishwa. Akacheka, akaenda zake.

Nami nilijua kwamba anasema kweli.

Hili naliandika hapa kwa kuwa sitamwambia mtu. Kuna ua unaoinamia nje, wa kuzuia adui asiingie, na kuna unaoinamia ndani, wa kuzuia mfungwa asitoke. Huo wa ndani naujua zaidi. Wakati wa vita nililinda mateka wa Kitaliano kule Jinja, karibu miaka miwili. Alikuwapo mmoja, mtu mzima, fundi viatu huko kwao. Kila asubuhi alitembea kando ya waya, nami natembea upande wangu. Akigeuka, nami nageuka. Alijifunza kuniuliza, "Habari za nyumbani, askari?" Amri ilikuwa tusizungumze nao. Sikumjibu hata siku moja.

Kwa hiyo nguzo zangu nilizilaza nje makusudi. Sikutaka kuamka kila siku nikauona ua ule nyumbani kwangu. Nikautuliza moyo wangu, nikamhatarisha mbwa wa mke wangu. Upumbavu mtupu.

Leo mvua ilipokatika nilikuwa nyuma ya nyumba nachimba shimo jipya la taka. Nikasikia waya unalia. Nilipofika, Sajini alikuwa keshafika juu, akaruka. Barabarani walikuwa wanakuja askari wawili wa mji, na bunduki. Nilitoka getini mbio kwa goti langu hili bovu. Mbwa simwoni. Nikangoja mlio wa risasi.

Nilimkuta uani kwa Bi Zaina. Mama wa watu alikuwa amepiga magoti matopeni, amemkumbatia mbwa shingoni, kamfunika kichwa kwa kanga, na mate ya mbwa yanamtiririka mikononi. Huyu ndiye ambaye Sajini akipita mbali tu hukusanya nguo zake.

Askari mmoja akachungulia mlangoni. "Mama, mbwa iko wapi? Naona iliruka hapa."

"Ni wa huyu afande," akasema Bi Zaina. "Yumo ndani ya ua wangu. Nje hayumo."

Askari akamtazama, akanitazama mimi, kisha wakaenda zao.

Nilimfunga Sajini kamba, na Bi Zaina akainuka, mikono ameinyoosha mbali na mwili, akaniomba udongo safi. Nikamletea wa shimo langu, ule wa chini kabisa. Nikammwagia maji mikononi, mara ya kwanza pamoja na udongo, kisha mara sita maji matupu. Kanga nayo ikafuliwa hivyohivyo. Tulipomaliza akasema, "Sasa nenda kageuze hizo nguzo, afande. Adhuhuri inanipita."

Nimezigeuza zote kumi na moja, nimemaliza jua linazama. Sajini alijaribu mara mbili kupanda, na mara zote mbili wavu ukamrudisha chini. Halafu akaanza kutembea kando ya waya, kutoka kona hadi kona, anageuka, anarudi. Nilitaka kuingia ndani nifunge dirisha nisimwone.

Sikuingia. Nilitembea naye, safari hii tukiwa upande mmoja. Akigeuka, nami nageuka. Nilimsimulia habari za Rebeka, za mjukuu, za mvua, za goti, maneno yasiyo na kichwa wala miguu, hadi mwenyewe akachoka akalala miguuni pangu.

Miaka miwili mizima, na jibu lenyewe lilikuwa neno moja tu: nzuri. Sijui fundi viatu yule alifika kwao?